Miji ya Yucatan: Kuta za Kihispania, mawe ya Wamaya

MGENI anayefika Izamal, mji mdogo wa jimbo la Yucatan kusini mashariki mwa Mexico, hupokewa kwanza na rangi. Karibu kila jengo la katikati ya mji limepakwa manjano, na juu ya kilima yamesimama makao ya watawa ya Mtakatifu Antonio wa Padua, yaliyokamilika mwaka 1561.

Kilima hicho si cha asili. Ni jukwaa la hekalu la Wamaya, ambalo mawe yake yalitumika kujengea kuta za watawa. Mitaa michache kutoka hapo, piramidi ya Kinich Kakmo, yenye kimo cha zaidi ya mita 30, imebaki katikati ya nyumba za watu. Ni katika mji huu ambapo Papa Yohane Paulo II alikutana na wawakilishi wa wazawa wa Amerika, Agosti 1993.

Mérida, makao makuu ya jimbo, ina historia kama hiyo. Francisco de Montejo, mwana wa mtekaji mwenye jina hilo hilo, aliuanzisha mji huo Januari 6, 1542 juu ya mji wa Wamaya wa T'hó. Kanisa kuu lake, lililojengwa kati ya 1561 na 1598, lina mawe ya mahekalu yaliyobomolewa. Kwenye uso wa nyumba ya Montejo zimechongwa sanamu za askari waliokanyaga vichwa vya binadamu. Atazamaye hahitaji mkalimani.

Majumba ya fahari ya barabara ya Paseo de Montejo yalitokana na utajiri wa katani, uliochumwa kwa jasho la vibarua wa Kimaya walionaswa na madeni. Wasomaji wa Tanga watavutiwa kujua kwamba bandari ya Sisal, katika pwani hiyo, ndiyo iliyoupa mkonge jina lake la kibiashara duniani. Mwaka 2010 Montejo na baba yake walijengewa sanamu katika barabara hiyo, na watetezi wa Wamaya wakapinga.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lilitokea Maní, mwaka 1562. Padri Diego de Landa, aliyewahi kuwaongoza watawa wa Izamal, aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto pamoja na sanamu zao za ibada. Vinavyojulikana kunusurika duniani kote ni vinne tu. Ajabu ni kwamba maelezo aliyoyaandika Landa mwenyewe kuhusu herufi za Wamaya ndiyo yaliyomsaidia mtaalamu wa Kisovieti, Yuri Knorozov, kufumbua maandishi hayo kuanzia mwaka 1952.

Valladolid, kilometa 40 hivi kutoka magofu ya Chichén Itzá, ilikumbwa na uasi wa Wamaya wa mwaka 1847, vita vilivyodumu hadi 1901. Leo wageni huteremka kuoga katika Zací, shimo kubwa la maji lililomo ndani ya mji wenyewe.

Tangu Desemba 2023 reli ya Tren Maya hupitia miji hii, isipokuwa Maní, inayofikiwa kwa barabara. Miezi ya Novemba hadi Machi ina joto la wastani na mvua chache. Masokoni, Kimaya bado husikika sambamba na Kihispania.