Kichwa cha Mpagazi na Bawa la Ndege

Katika mwaka wa 1932 shirika la ndege la Kiingereza, Imperial Airways, lilipofungua njia yake kutoka London mpaka Cape Town, Mbeya, mji uliokuwa haujatimiza hata miaka kumi tangu dhahabu ya Lupa iuzushe chini ya mlima Loleza, ulihesabiwa miongoni mwa vituo vyake baina ya Dodoma na Mpika. Miaka mitano baadaye njia kuu ilihamishiwa pwani kwa ajili ya ndege zitualo majini, Mbeya ikarudi katika ukimya wake wa ukungu na mahindi. Wengi hudhani kwamba hapo ndipo palipo mwanzo wa habari za ndege katika Nyanda za Juu Kusini, ilhali mwanzo wake ni wa zamani zaidi, na ni wa vita. Na mwenye kuufuata atajikuta akizunguka toka milima ya Uhehe mpaka mito ya Burma, na toka kichwa cha mpagazi mpaka bawa la ndege ya Kimarekani.

Habari za vita vya angani aghalabu huandikwa na waliokuwa juu. Roald Dahl, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell hapo Dar es Salaam kabla ya kuwa rubani wa ndege za kivita za Uingereza na kupigana Ugiriki mwaka wa 1941, aliacha kitabu, na kitabu chenyewe ni kitamu. Marubani wa Marekani wameacha vitabu visivyo idadi. Waliokuwa chini, wakakinga macho kwa kiganja ili waone kinachopita ni cha nani, wameandika machache mno. Watu wa Iringa na Mbeya walikuwa chini mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana.

Ndege ya kwanza ya vita kuruka katika upande huu wa Afrika ilikuwa, ajabu iliyoje, ni kazi ya Mmarekani. Manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, ilikuwa imejificha katika mikono ya mto Rufiji, na Waingereza, wasioweza kuiona kwa mikoko, wakamwajiri Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege iliyoweza kutua majini, iliyoundwa na Glenn Curtiss wa Hammondsport katika jimbo la New York. Mwezi wa Novemba 1914 Cutler aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo. Chombo cha kupozea injini kilipoharibika, manowari ya Kiingereza ilitumwa Mombasa kutafuta kingine, nacho kikapatikana katika motokaa ya Ford; hivyo ndege ya Kimarekani ikaponywa kwa kiungo cha gari la Kimarekani, na Königsberg ikaonekana. Mwezi uliofuata injini ilimfia Cutler juu ya mto, akatekwa. Manowari yenyewe iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, baada ya rubani na mwenziwe kuelekeza mizinga ya Waingereza kutoka juu hata ndege yao ilipopigwa ikaanguka; lakini mizinga yake kumi iliopolewa majini, ikakokotwa bara na kupigana vita vya nchi kavu.

Vita hivyo vya nchi kavu vilipanda huku juu mwezi wa Mei 1916, Jenerali Northey wa Waingereza alipovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akaitwaa Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, akapita Njombe, na tarehe 29 Agosti askari wake wakaingia Iringa. Mwezi wa Oktoba Jenerali Wahle wa Wajerumani, aliyefukuzwa Tabora, akashuka na jeshi lake kupitia Uhehe akitafuta kuungana na wenzake, na kwa majuma kadhaa nchi ya baina ya Iringa, Malangali na Lupembe ikawa kama nguo inayovutwa na watu wawili, hata sehemu moja ya jeshi lake iliposalimu amri Ilembula mwishoni mwa Novemba.

Ndege zilikuwapo katika vita hivyo, lakini jina la ndege ya kivita hazikulistahili. Kikosi cha 26, kilichokusanya marubani wengi wa Afrika Kusini, kilishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 kikiwa na ndege za miti na vitambaa, za namna ya BE2c, zenye injini ya nguvu za farasi tisini hivi, ambazo jua lilizipinda mbao, na hewa nyepesi ya milimani ikazinyima pumzi. Adui zao hawakuwa marubani wa Kijerumani, maana Wajerumani walikuwa na ndege moja tu, iliyoletwa Dar es Salaam kabla ya vita kwa ajili ya maonyesho, nayo iliharibika mapema. Adui walikuwa malaria, ukungu na msitu. Kwa hiyo katika anga ya Tanganyika hapakuwa na mashindano ya rubani kwa rubani kama yale yaliyowapa fahari vijana wa Ulaya; palikuwa na macho yaliyopita juu, yakatazama na kuondoka.

Vita vya Nyanda za Juu, basi, havikubebwa na injini. Vilibebwa na kichwa. Reli haikufika, magari yalizama katika tope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni binadamu, ambaye kwa upande wa Northey aliitwa tengatenga, na kwa upande mwingine wa Waingereza aliandikwa katika lile jeshi la wapagazi ambalo jina lake la Kiingereza, likitafunwa na ndimi za Waswahili, lilituachia Kariakoo. Msomaji na atazame hesabu yake, kwa kuwa ni hesabu isiyohitaji skuli. Mzigo ulikuwa ratili sitini kwa kukadiria. Mpagazi mwenyewe, asipopunjwa, alihitaji ratili mbili za chakula kwa siku. Akitembea siku kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi, asiongezewe chochote njiani, atakuwa amekula mzigo wote, na askari aliye mwisho wa njia hatapata hata punje. Ndiyo sababu wapagazi waliongezwa ili walishe wapagazi, na vijiji vya kandokando ya njia vikakamuliwa vyakula na vijana kwa zamu na majeshi yote mawili, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi ya tumbo na njaa kuliko kwa risasi.

Wajerumani nao waliona kwamba dawa ya taabu hiyo iko juu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo chao kikubwa cha gesi, L59, kiliondoka Jamboli katika Bulgaria na shehena ya tani kama kumi na tano za dawa, bunduki na risasi kwa ajili ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nacho hakikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kilikuwa kipasuliwe kiwe mahema na nguo za askari. Kilifika upande wa Khartoum, kikaamriwa kurudi, na baada ya saa 95 hewani kikatua pale pale kilikotoka. Watu hukicheka chombo hiki. Mimi naona kwamba wazo lake lilikuwa sahihi, ila lilitangulia wakati wake kwa miaka ishirini na saba.

Kwa maana katika mwaka wa 1944 wana wa rika lile lililobeba mizigo ya Northey walikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, katika bonde la Kabaw, kwenye mpaka wa Uhindi na Burma, nao walikuwa wakila chakula kilichoshuka mawinguni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36, zilizopita kwanza Ceylon kufundishwa vita vya msituni. Bahari yenyewe ilikuwa imekwisha kutoza kodi yake: tarehe 12 Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyochukua wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na Wajapani, wakafa watu zaidi ya 1,200. Mwezi wa Agosti divisheni iliingia Tamu, na kutoka hapo ikashuka bondeni katikati ya masika ya Kiasia, ambayo mtu wa Tukuyu, aliyezaliwa mvuani, peke yake ndiye angeweza kuyasikia bila ya kustaajabu.

Barabara iligeuka uji. Wakubwa wa jeshi wakaamua kwamba posho iletwe na ndege, nazo zilikuwa Dakota, ndege za Kimarekani za injini mbili, zilizorushwa na Waingereza na Wamarekani kwa pamoja, kila moja ikichukua tani mbili na nusu au tatu, yaani mizigo ya wapagazi kama mia moja, ambao hawali njiani na hawafi. Ndege ilishuka chini mpaka majani ya miti yakatikisika, ikazunguka, na watu waliosimama mlangoni wakasukuma shehena kwa miguu. Risasi na dawa zilishuka kwa miavuli, na kwa kuwa hariri ilikuwa haba, Jenerali Slim, mkuu wa jeshi hilo, aliagiza miavuli ya kitani cha magunia, ya jute, iliyogharimu sehemu ndogo tu ya thamani ya ile ya hariri. Mchele haukupewa mwavuli. Ulitiwa katika gunia, na gunia likatiwa katika gunia kubwa zaidi lililolegea, ukaachwa uanguke; la ndani likipasuka, la nje liliudaka. Ole wake aliyekimbilia chakula kabla ya ndege kumaliza mzunguko wake, maana gunia lililotoka mawinguni liliua kama mzinga.

Lakini Dakota ni kuku, haina silaha wala mbio, na Wajapani walikuwa na ndege nyepesi waliyoipa jina la Hayabusa, ndiyo kozi kwa lugha yao. Kuku asingeweza kuruka chini hivyo mchana kweupe kama kozi hangalikuwa amekwisha kupunguzwa. Kazi hiyo ilifanywa na marubani wa Uingereza na wa Marekani, waliowekwa tangu Desemba 1943 chini ya amri moja ya Jenerali George Stratemeyer wa Marekani. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha 459, kilichotoka Chittagong na ndege za P-38, zenye injini mbili na mikia miwili iliyopakwa rangi mfano wa majoka, na puani bombomu nne na mzinga mmoja. Desturi yao haikuwa kungoja adui apande. Walimvizia katika viwanja vyake vya Meiktila na Heho, mamia ya maili nyuma ya mapigano, wakampiga anapotua au anapojaribu kuruka. Hodari wao, Walter Duke wa jimbo la Maryland, alihesabiwa ndege kumi za adui, naye alipotea juu ya Burma tarehe 6 Juni 1944, siku ile ile ambayo dunia nzima ilikuwa imeelekeza masikio Normandy. Askari wa batalioni ya 36 waliokula mchele mwezi wa Oktoba hawakulijua jina lake, wala yeye hakupata kusikia habari za Iringa.

Mmarekani ambaye askari wa Keya aliweza kusema naye hakuwa rubani. Waruhiu Itote, Mkikuyu aliyepigana upande wa Kalewa katika batalioni hiyo hiyo ya 36, na ambaye baadaye Kenya ilimjua kwa jina la Jenerali China, alisimulia katika kitabu chake jinsi mazungumzo na askari mweusi wa Kimarekani huko Uhindi yalivyomfungua macho. Jeshi la Marekani lilikuwa bado limewatenga watu weusi, na kabla ya mwaka wa 1941 halikuwa na rubani mweusi hata mmoja. Wa kwanza walifundishwa Tuskegee katika Alabama. Kikosi chao cha 99 kilifika Moroko mwezi wa Aprili 1943, na mwezi wa Juni, kutoka Tunisia, kikaingia vitani kwa ndege za P-40, zilizoundwa na kampuni yenye jina la Curtiss, yule yule ambaye kazi yake iliruka juu ya mikoko ya Rufiji. Hivyo yawezekana kusema kwamba rubani mweusi wa jeshi la Marekani alianza vita vyake vya angani katika Afrika. Neno ambalo askari wa Keya, kama lingalimfikia, angalilijadili usiku kucha.

Tarehe 2 Desemba 1944 Waafrika waliingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la chuma, refu kupita mita 350, likatandikwa juu ya mto Chindwin, majeshi mengine yakavuka kwenda kuitwaa Mandalay na Rangoon, na divisheni ya 11 ikarudishwa nyuma kupumzika.

Mwili wa Duke haukuonekana. Kiwanja kidogo cha ndege cha kwao kinaitwa kwa jina lake. Huko Taukkyan, nje kidogo ya Rangoon, nguzo za mawe zimechongwa majina ya watu wapatao 27,000 wasio na kaburi lijulikanalo, na wa Afrika Mashariki wamo. Waliosalimika walirudishwa kwa meli, kisha kwa gari la moshi mpaka Dodoma, kisha kwa lori katika barabara ya vumbi ya Iringa na Mbeya, na kila lilipofika penye kijia cha kwao mtu aligonga bodi, lori likasimama, akashuka, akajitwisha sanduku lake kichwani, akashika njia.