Mbio za Barkley: mtihani wa mlimani usio na msimamizi

Ndugu msikilizaji, jioni ya tarehe 10 Juni, 1977, wafungwa saba waliupanda kwa ngazi ya kuungaunga ukuta wa gereza la Brushy Mountain, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, wakatokomea msituni. Mmoja wao alikuwa James Earl Ray, mtu aliyekiri mahakamani mwaka 1969 kwamba ndiye aliyemuua Dk. Martin Luther King, akahukumiwa kifungo cha miaka 99. Marekani nzima ilitaharuki. Askari walimwagwa milimani, na mbwa wa kunusa wakaletwa. Ray alikamatwa baada ya saa zipatazo 54, amejifunika majani makavu, amechoka, hana chakula. Na kwa muda wote huo hakuwa amefika mbali. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwenda kama kilomita 13 tu.

Gereza lile halikujengwa pale kwa bahati mbaya. Huko nyuma serikali ya jimbo ilikuwa ikiwakodisha wafungwa, wengi wao watu weusi, kwa makampuni ya makaa ya mawe. Mwaka 1891 wachimbaji huru, walioona wanapokonywa kazi na vibarua wasiolipwa, walishika silaha. Vurugu ziliendelea hadi mwaka uliofuata. Hatimaye jimbo likaacha kuwakodisha wafungwa, likajenga gereza lake lenye mgodi wake, likafunguliwa mwaka 1896. Wafungwa waliendelea kuchimba makaa pale hadi miaka ya 1960. Milima yenyewe ndiyo ilikuwa ukuta wa pili: mabonde ya kina kirefu, miiba, ukungu, na miteremko ambayo mtu huishuka kwa makalio.

Habari ya Ray iliwafikia watu wengi, lakini mmoja aliicheka. Gary Cantrell, mkimbiaji wa mbio ndefu wa huko huko Tennessee, alisema kwamba kwa muda ule yeye angekwenda walau maili 100, yaani kilomita 160. Maneno ni rahisi, tena ukiwa umekaa kivulini. Ila Cantrell hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1986 alianzisha mashindano katika milima ile ile, ndani ya hifadhi ya Frozen Head, akayapa jina la rafiki yake, Barry Barkley. Leo mbio za Barkley zina sifa dunia nzima, na sifa yenyewe ni ya ajabu: watu huzijua kwa sababu karibu kila anayezijaribu hushindwa.

Hebu tuzitazame. Ni mizunguko mitano, kila mmoja ukihesabiwa kuwa kilomita kama 32, japo waliowahi kuikamilisha husema ni zaidi. Muda ni saa 60, usiku na mchana. Kilele cha Frozen Head chenyewe hakifiki hata meta 1,100, lakini mkimbiaji hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, hata jumla ya kupanda kwake ikazidi meta 16,000, yaani karibu mara tatu ya kimo cha Kilimanjaro. Wanaoruhusiwa kuanza ni kama 40 tu kwa mwaka, na ada ni dola moja na senti sitini. Saa moja kabla ya kuanza hupulizwa kombe la bahari, na mbio huanza pale Cantrell anapowasha sigara. Anayeshindwa hupigiwa tarumbeta wimbo wa maziko ya kijeshi.

Lakini si hayo yanayozitofautisha mbio hizi na nyingine. Jambo kubwa ni kwamba njia haina alama. Hakuna utepe mtini, hakuna mshale, hakuna kijana aliyevaa fulana ya rangi kukuelekeza. Mkimbiaji huoneshwa ramani moja, anainakili kwa mkono wake, anachukua dira, na hapo ndipo msaada unapokoma. Simu na vyombo vya kuongozwa na setilaiti ni marufuku.

Msikilizaji atauliza: je, mbio nyingine za milimani zikoje? Swali zuri, maana hapa kuna historia ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni ile yenye alama. Mwaka 1974 huko California, Gordy Ainsleigh aliingia kwenye mashindano ya farasi ya maili 100 bila farasi. Alikimbia kwa miguu yake, akamaliza katika muda usiotimia saa 24. Njia ilikuwa imekwisha kuwekwa alama kwa ajili ya wapanda farasi. Kutokana na tukio hilo zikazaliwa mbio za Western States, na Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy, mzaliwa wa Kilimanjaro, ni miongoni mwa waliozikimbia. Mtuy huyo huyo mwaka 2006 aliupanda na kuushuka mlima wa kwao bila msaidizi, kwa muda usiofika saa 10. Kisha mwaka 2003 zikaanza mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc, kupita Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita zipatazo 170. Huko alama zipo, vituo vya chakula vipo, madaktari wapo. Mwaka ule wa kwanza walianza watu kama 700 na wakamaliza 67 tu, kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba alama ndiyo inayofanya mlima uwe tambarare. Alama huondoa shaka, haiondoi mlima.

Njia ya pili ni ile isiyo na alama, na hii ina mizizi ya zamani zaidi nchini Uingereza. Mwaka 1932, Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, alizunguka vilele 42 vya eneo la Lake District katika muda usiozidi saa 24. Hakuwekewa utepe wala hakuvishwa medali. Iliwachukua wengine hadi mwaka 1960 kumfikia. Baadaye, mwaka 1971, klabu ikaundwa ya kuwatambua waliofuata nyayo zake, na sharti lake ni moja la msingi: katika kila kilele mtu awe na shahidi.

Shahidi! Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Katika njia yenye alama, anayekuchunga ni mwandalizi. Katika njia isiyo na alama, nani atajua kama kweli ulifika kule juu, au uliketi chini ya mti ukasubiri giza liingie? Waingereza walijibu kwa kuweka shahidi. Cantrell alijibu kwa kuweka vitabu. Katika sehemu mbalimbali za msitu huficha vitabu vya kawaida, na mkimbiaji akikifikia kila kimoja huchana ukurasa wenye namba inayolingana na ile aliyovaa kifuani. Akirudi langoni huhesabiwa kurasa zake. Ukipungua ukurasa mmoja, mzunguko haupo. Katika mzunguko unaofuata hupewa namba nyingine, kwa hiyo hawezi kuweka akiba ya kurasa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Cantrell alihakikisha kwamba katika milima yake hata hiyo njia fupi haipo.

Na njia nyingine hupita penye historia yenyewe. Kwa miaka mingi sasa wakimbiaji wamekuwa wakipita katika handaki la maji lililo chini ya gereza lile la Brushy Mountain, ambalo lilifungwa mwaka 2009. Pale ambapo wachimbaji waliingizwa kwa nguvu, na pale alipotorokea muuaji wa Dk. King, leo hupita watu huru walioomba wenyewe kuteseka. Ray alifia mikononi mwa dola mwaka 1998, hakuwahi kuwa huru tena.

Basi, wamepatikana wangapi waliokamilisha mizunguko mitano? Wa kwanza ni Mwingereza Mark Williams, mwaka 1995, kwa saa 59 na dakika 28. Tangu 1986 mpaka mashindano ya 2025, ni watu 20 tu. Mwaka 2018 hakuna, na kuanzia 2019 hadi 2022 hakuna. Mwaka 2023 wakapatikana watatu, na 2024 watano. Mwaka 2025 mlima ukafunga tena mlango, hakumaliza hata mmoja.

Nataka tutazame mambo mawili katika historia hii.

La kwanza ni la mwaka 2017. Mkanada Gary Robbins alikuwa katika mzunguko wa tano, hajalala kwa siku mbili na nusu, mvua inanyesha, ukungu umetanda. Karibu na mwisho alipotea. Badala ya kurudi alikokosea, alivuka mto na kukimbilia langoni, mikononi ana kurasa zote. Akaligusa lango sekunde 6 baada ya saa 60 kutimia, akaanguka chini. Picha zake zilizunguka dunia, na watu wakalia: jamani, sekunde 6! Wengi waliona hana budi kupewa ushindi wake.

Lakini, ndugu msikilizaji, shida haikuwa sekunde. Robbins alikuwa ametokea upande usio wake, na kipande cha njia cha kama kilomita tatu hakukipita. Cantrell alieleza kwamba hata angefika mapema, bado asingehesabiwa kuwa amemaliza. Naye Robbins hakubishana. Alikubali kwamba hakuikamilisha njia. Hakudanganya mtu, alipotea tu. Lakini kurasa zote mkononi hazikumfanya aitwe mshindi, kwa kuwa kurasa ni ushahidi wa safari, wala si safari yenyewe.

La pili ni la mwaka 2024. Jasmin Paris, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, alikuwa amelelewa katika desturi ile ya vilele visivyo na alama. Mwaka 2019 alikuwa ameshinda mbio za Spine, kilomita 431 wakati wa baridi kali, akiwatangulia wanaume wote, huku katika vituo vya mapumziko akikamua maziwa kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Kuhusu Barkley, Cantrell alikuwa amesema mara kwa mara, hadharani, kwamba mwanamke hawezi kuzimaliza. Paris alikwenda mwaka 2022, akashindwa. Akaenda 2023, akashindwa. Alikwenda mara ya tatu, na tarehe 22 Machi, 2024, aligusa lango zikiwa zimebaki sekunde 99. Kurasa zake zilihesabiwa kama za mtu mwingine yeyote. Zilitimia. Hakuna aliyempunguzia njia kwa kuwa ni mwanamke, wala aliyemwongezea. Mwenye mbio aliyesema haiwezekani ndiye aliyezipokea zile kurasa, na kurasa hazikujali maoni yake.

Sheria ni msumeno, tunasema siku zote, hukata mbele na nyuma. Lakini tukiitazama jamii yetu, tunaupenda msumeno unaokata mbele tu. Mitihani huvuja, na mzazi ndiye anayetafuta mtu wa kumuuzia mwanawe majibu. Vyeti vya bandia hupatikana mtaani. Hata katika riadha, fahari ya Afrika Mashariki, wanariadha wengi, wakiwamo wa Kenya waliokuwa na vipaji vya kutosha, wamefungiwa kwa kutumia dawa. Kila mara tunajibu kwa kuongeza walinzi, kamera na wasimamizi. Tunaweka alama zaidi njiani. Hapana ubaya, panapohitajika mlinzi, awekwe. Lakini mtu aliyezoea kwenda sawa kwa sababu tu anatazamwa, siku atakapofika msituni peke yake usiku wa manane ataongozwa na nini?

Sisemi kwamba sote twende tukapotee milimani. La hasha. Mbio zenye alama zina heshima yake, na ndizo zinazowafaa wengi. Wala si kila kitu katika Barkley ni cha kuigwa. Mashindano yaliyozaliwa kwa kumdhihaki mfungwa mtoro yana mizaha yake migumu. Ninachosema ni kwamba historia ya milima hii imetupa kipimo kimoja kilicho wazi. James Earl Ray alijua kuruka ukuta, hakuijua njia, na saa 54 zikampeleka kilomita 13. Robbins alikuwa na kurasa zote, akakosa kipande cha njia, akakubali. Paris alishindwa mara mbili mbele ya watu, akarudi shule ya ramani na dira, akaja na kurasa zake zote na njia yake nzima.

Hivyo basi, mzazi anayesubiri matokeo ya mwanawe, mwajiri anayepokea cheti, kocha anayemwandaa kijana kwa mbio za kwanza, na wajiulize swali lile ambalo huulizwa pale langoni Tennessee. Mwenye kurasa hizi ameipita njia?