Meno ya utoto yalivyofichua sumu ya risasi

Katika miaka ya 1970, watoto wa darasa la kwanza na la pili huko Chelsea na Somerville, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, waliombwa wasitupe meno yao ya utoto. Kila jino lililong'oka lilikuwa na mtu anayelisubiri: daktari wa watoto Herbert Needleman. Alikuwa akitafuta madini ya risasi.

Alikuwa na sababu ya kuchagua jino badala ya damu. Mwili hushindwa kutofautisha risasi na kalsiamu, kwa hiyo huihifadhi katika mifupa na meno. Risasi iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo mtoto aliyekula vumbi la rangi yenye risasi mwaka jana anaweza kupimwa leo akaonekana salama. Jino hutunza kumbukumbu ya miaka. Katika mifupa risasi hukaa kwa miongo, na mama anaposhika mimba hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Sumu yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1904, daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alikwisha kuonya kwamba rangi ya nyumba ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru watoto waliomtembelea hospitalini. Lakini mwaka 1921 Thomas Midgley, mtaalamu wa kampuni ya General Motors, aligundua kuwa kiasi kidogo cha risasi ndani ya petroli kinatuliza injini. Miaka mitatu baadaye, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza kiungo hicho walikufa baada ya kurukwa na akili. Serikali iliitisha mkutano mwaka 1925. Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard na bingwa wa magonjwa ya viwandani, aliipinga petroli hiyo waziwazi. Hakusikilizwa. Watetezi wa biashara hiyo walishikilia kwamba vifo vilitokea kiwandani, na kwamba hakuna aliyethibitisha madhara kwa mpita njia.

Kwa miaka 40 hoja hiyo ilitawala, ikisaidiwa na dai kwamba kila mwili wa binadamu una risasi kiasili. Aliyelivunja dai hilo hakuwa daktari. Clair Patterson, mwanakemia aliyekokotoa umri wa dunia mwaka 1956, alisumbuliwa na risasi iliyochafua kila sampuli aliyoigusa maabarani. Akaanza kuifuatilia baharini na katika barafu, na mwaka 1965 akaandika kwamba kiwango kilichoitwa cha kawaida kilikuwa matokeo ya uchafuzi wa binadamu wenyewe.

Ndipo meno yakazungumza. Mwaka 1979 Needleman alitangaza matokeo yake. Aliwalinganisha watoto 58 wenye risasi nyingi menoni na 100 wenye kidogo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuonekana mgonjwa, lakini wale 58 walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili na ya umakini. Walimu, waliowatathmini watoto 2,146 bila kujua vipimo vyao, walieleza jambo lilelile: risasi ilivyozidi, ndivyo mtoto alivyoshindwa kutulia na kufuata maelekezo. Needleman aliwatafuta tena baada ya miaka 11. Waliokuwa na risasi nyingi walikuwa wameacha shule kwa wingi zaidi. Alishitakiwa kwa udanganyifu wa kitaaluma, akachunguzwa, akaonekana hana hatia.

Marekani ilipunguza risasi katika petroli hatua kwa hatua, na mwaka 1978 ikaipiga marufuku katika rangi za nyumbani. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wadogo ukashuka kutoka mikrogramu 15 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.6 kufikia 1991. Mwaka 2005 mwanasayansi Mwingereza Christopher Wild aliwahimiza wenzake wapanue utafiti huo: wapime jumla ya yote yanayomfikia mtu kutoka nje tangu mimba hadi uzee, yaani hewa, chakula, maji, kazi na dawa, kwa bidii ileile waliyoitumia kusoma jeni. Jumla hiyo akaiita eksposomu.

Historia hii ni yetu pia. Petroli yenye risasi iliuzwa katika vituo vyetu kwa miongo kadhaa. Ni baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001, na kazi iliyoratibiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, ndipo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Lakini risasi haikuondoka na petroli. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilimwaga sumu katikati ya makazi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, alianza mapambano baada ya mwanawe mchanga kukutwa na risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha mwaka 2024.

Hukumu hiyo ni ya haki, lakini ilikuja baada ya watoto kudhurika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kumsubiri mtoto augue ndipo tupime ni kurudia kosa la mwaka 1925. Wizara za afya za Afrika Mashariki zianze kupima damu za watoto wanaoishi jirani na mafundi wa betri, viwanda vya kuyeyusha vyuma na nyumba zenye rangi kuukuu inayobanduka. Zitunze vipimo hivyo, na watoto wafuatwe hadi ukubwani. Nawe mzazi, betri chakavu isivunjwe uani, na mtoto anawe mikono kabla ya kula.