Nyota, Buruji na Matlai: Historia ya Istilahi Moja ya Unajimu, kwa Mfano wa Mbulu na Hanang

Neno nyota katika Kiswahili cha leo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Nyota ni kile king'aacho angani usiku. Ni bahati, kwa maana husemwa kwamba fulani ana nyota njema. Ni alama ya siku za kuzaliwa kama zichapwavyo magazetini. Tena ni ile sehemu ya mbingu iliyokuwa ikipanda upande wa mashariki saa mtoto alipozaliwa. Makala haya yanahusu maana hiyo ya mwisho, ambayo ni msingi wa unajimu wa Kihindi, nayo ndiyo isiyo na jina moja lililokubalika. Mfano tutakaoutumia ni wa buruji ya Asadi, yaani Simba, na mahali ni wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Wenyeji wengi wa huko, Wairaqw na Wadatooga, wamekipata Kiswahili shuleni na sokoni juu ya lugha zao ambazo si za Kibantu. Neno la Kiswahili likiwa na utata, utata huo huwafikia mzima, bila ya mazoea ya pwani ya kuupunguza.

Tuanze na pwani. Elimu ya falaki iliingia pamoja na vitabu vya Kiarabu, nayo ikaleta buruji 12: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Miongoni mwa vitabu vilivyotumiwa sana na waganga wa kitabu ni kile kinachonasibishwa na Abu Ma'shar, mnajimu wa Baghdad aliyefariki mwaka 886. Njia yake haikuhitaji saa wala tarehe ya kuzaliwa. Mtu alitaja jina lake na jina la mama yake. Herufi zikahesabiwa kwa thamani zake za abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na kilichobaki kikaonyesha buruji. Aliyebakiwa na 5 alikuwa wa Asadi. Kwa hiyo nyota ya mtu, kwa Mswahili wa zamani, ilitoka katika jina lake.

Magazeti yalileta njia ya pili. Humo anayezaliwa kati ya tarehe 23 Julai na 22 Agosti, au karibu na siku hizo, huitwa mtu wa Simba, kwa sababu jua huhesabiwa kuwa katika buruji hiyo. Utabiri wa namna mbalimbali ulienea hata mbali na pwani, na jina la Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, lilikuwa maarufu nchini kote. Lakini neno lililotumika kwa mambo haya yote likabaki lile lile: nyota yako.

Njia ya tatu ni ya Kihindi. Hapo kinachotazamwa kwanza ni lagna, yaani buruji ipandayo kwenye upeo wa mashariki wakati wa kuzaliwa. Wahindi wengi waliohamia Afrika Mashariki walitoka Gujarat na Kutch, na katika Kigujarati neno lagna lina maana pia ya arusi, kwa kuwa ndoa ilipangiwa saa ambayo buruji yake ni ya heri. Hapa pana fundisho dogo kwa mtunga istilahi: wenye neno wenyewe hawakuona vibaya neno la elimu likae nyumbani pamoja na ubani na pilau.

Tofauti ya njia hizi si ya maneno tu. Tumchukue mtoto aliyezaliwa Mbulu tarehe 10 Agosti, saa 1:00 kamili asubuhi. Gazeti litamwita mtu wa Simba bila ya kusita. Mnajimu wa Kihindi hahesabu buruji kuanzia pale jua lilipo wakati wa mlingano wa Machi, bali kwa nyota zenyewe, na hesabu hizo mbili leo zimeachana kwa digrii 24 hivi. Kwake jua la siku hiyo bado limo katika Saratani. Siku hiyo jua huchomoza Mbulu karibu saa 12 na dakika 45, na buruji moja hupanda kwa muda wa saa mbili hivi. Saa 1:00, basi, ipandayo ni Saratani, sehemu yake ya mwisho. Mtoto akizaliwa dakika 20 baadaye, lagna yake ni Asadi.

Pana shida nyingine. Saa zetu za Afrika Mashariki zimefuata mstari wa digrii 45 mashariki, ilhali Mbulu iko kwenye digrii 35 na nusu. Saa ya ukutani humtangulia jua wa Mbulu kwa dakika 38. Mwenye kupiga hesabu akisahau kuzitoa dakika hizo, atakosea kwa digrii 9 na nusu hivi, na yule mtoto wa saa 1:00 atamtia katika Asadi wakati ni wa Saratani. Tena, akaaye magharibi ya Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417, huliona jua likichelewa nyuma ya mlima, na hesabu haiujui mlima. Ndiyo maana siridhiki na pendekezo la kusema buruji chomozi. Kuchomoza ni jambo la macho. Lagna ni jambo la hesabu.

Sasa hulka. Katika vitabu vya Kihindi aliyezaliwa Asadi ikipanda husemwa kuwa mtu wa fahari, mkarimu, mwenye kupenda kuongoza na kuchukia kuamrishwa. Hasira yake ni ya haraka na kiburi ndicho adui yake. Jua ndilo mwenye buruji hiyo, kwa hiyo maisha yake hufungamanishwa na baba, watawala na heshima. Nyumba ya saba, ambayo ni ya ndoa, humwangukia Zohali, na hapo husomwa kukawia au uzito wa ndoa. Mirihi, mwenye nyumba ya nne na ya tisa, huhesabiwa kuwa mfadhili wake mkuu. Sayansi haijathibitisha lolote katika haya, nasi hatuyaandiki ili yaaminiwe. Twayaandika kwa sababu yanasemwa kwa Kiswahili, tena mara nyingi kwa Kiswahili kibovu. Hulka, kwa mfano, huitwa haiba, na haiba ni mvuto na heshima ya sura, ambayo mtu mwenye hulka mbaya aweza kuwa nayo.

Maneno hayo yakifika Mbulu na Hanang hukutana na mambo ambayo mfasiri hakuyatazamia. Kwa Kiiraqw jua ni Lo'a, na Lo'a ndilo jina la Mungu, naye hutajwa kwa jinsia ya kike. Kwa Kidatooga neno Aseeta nalo lina uhusiano wa namna hiyo kati ya jua na Mungu. Anayesema kwamba jua ndilo baba na mtawala wa mtu wa Asadi amesema jambo moja kwa Kiswahili, na katika masikio ya mzee wa Kiiraqw amesema jingine kabisa. Mzee huyo kwa mambo ya mvua na ardhi alimwendea qwaslarmo, ambaye hakuwa na haja ya buruji. Simba naye ana habari yake. Miongoni mwa Wabarbaig, ambao ni Wadatooga, kijana aliyemuua simba alihesabiwa kuwa amemuua adui wa watu, akatunukiwa ng'ombe na mapambo. Sifa haikuwa ya kufanana na simba. Ilikuwa ya kumshinda.

Wapo waliodai kwamba neno simba lenyewe limetoka India, kwa kuwa Kisanskriti humwita mnyama huyo simha, na buruji hiyo pia. Mfanano unavutia, lakini ni wa bahati tu. Neno letu ni la Kibantu: Kizulu kina insimba na Kishona kina tsimba, na yote mawili ni majina ya kanu, mnyama mdogo wa jamii ya fungo. Neno la kukopwa lenye maana ya simba lisingegeuka kuwa kanu katika lugha mbili za kusini. Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, humwita simba diraangw, nalo halielekei huku wala huku.

Maoni yangu kuhusu istilahi ni haya. Kundinyota, yaani nyota zionekanazo, liitwe Simba, kwa kuwa mwanafunzi hulitazama na kulifananisha na mnyama. Sehemu ya digrii 30 ihesabiwayo na wanajimu iitwe buruji ya Asadi. Mwalimu wa Dongobesh au Katesh afundishaye sayansi atakuwa na neno lake, na mnajimu atakuwa na lake, na mzazi atozwaye fedha kwa ajili ya nyota ya mwanawe ataweza kuuliza: nyota ipi, ya jina, ya jua, au ipandayo?

Kwa hii ipandayo, Kiswahili kina neno ambalo halijaitwa kazini. Waarabu huiita tali', kutokana na mzizi wenye maana ya kupanda na kutokeza. Mzizi huo huo umetupa talii, ambalo zamani lilikuwa kusoma na kuchunguza kabla halijawa kazi ya wageni wapandao Mlima Hanang. Tena umetupa matlai, neno la mabaharia kwa mashariki na upepo utokao huko. Matlai tayari lina upande na lina kupanda ndani yake, wala halidai kwamba kitu kimeonekana kwa macho. Twaweza kusema matlai yake ni Asadi, au alizaliwa kwa matlai ya Asadi, na ngeli haitatusumbua. Wenye kuhofu kwamba litachanganywa na upepo wakumbuke kwamba kusi ni upepo, na kusini ni upande, na hakuna nahodha aliyepotea kwa ajili hiyo.