Layoni Amekufa, Morani Hajazaliwa

Ukitoka Arusha mjini Desemba kuelekea Makuyuni, ukishapita Kisongo utawaona kando ya lami: vijana wenye mashuka meusi, nyuso zimechorwa kwa chokaa nyeupe, fimbo mkononi. Watalii husimamisha gari, wakapiga picha, wakatoa chochote. Wenyeji hawaulizi. Hao wametoka kutahiriwa. Kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai na Waarusha, huitwa isipolio.

Juzi tu kijana huyu alikuwa layoni, mtoto wa kuchunga na kutumwa dukani. Akipona, atanyolewa nywele na kuitwa morani. Hapo katikati si huyu wala yule. Zamani alishinda porini na upinde, akiwinda ndege wadogo. Aliowapata aliwakausha, akawafunga kichwani kama taji. Mwaka 1909 Arnold van Gennep aliandika kitabu huko Ufaransa kuhusu kipindi hicho cha kati katika mila za mataifa mengi. Waarusha hawakumsubiri.

Waarusha walifika miteremko ya Meru miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini. Walilima migomba, lakini lugha na marika yalikuwa ya Kimaasai. Ndiyo maana jando lilikuwa na uzito kwao: wahamiaji katika mlima wenye wenyeji wake, Wameru, walijitambulisha kwa rika kuliko kwa kihamba, yaani shamba la migomba. Mwisho wa karne ya 19 lilitamba rika la Talala. Oktoba 1896 wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru waliwaua wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, kule Akeri. Wajerumani walilipiza kwa moto na kupora ng'ombe, kisha wakajenga boma ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Baada ya hapo ardhi ikabana. Walowezi walichukua tambarare, msitu wa juu ukahifadhiwa, na mwaka 1960 ikaja Hifadhi ya Ngurdoto, ambayo sasa ni Hifadhi ya Arusha. Vichaka vya kuwindia ndege vikawa mashamba, kisha viwanja.

Kusema kweli, upweke wa kipindi kile cha kati haukuwa wa kukaa peke yako, maana isipolio hutembea kwa makundi. Ulikuwa wa kutokuwa na nafasi: huchungi, hutumwi, na heshima ya morani hujapewa. Nadhani hapo ndipo kijana alipojipima. Barabarani, mbele ya kamera, anapimwa na mgeni.

Ukiwakuta Desemba hii, wasalimie, simu ibaki mfukoni.