Mafuta ya Nguruwe: Jinsi Watu Walivyoyatafuta na Kuyakimbia

Wako watu wadhanio ya kuwa nguruwe hunona kwa sababu ya chakula tu. Neno hili ni nusu ya kweli. Weka watoto wawili wa mbegu mbalimbali katika banda moja, uwape pumba ile ile kwa kipimo kile kile. Huyu atajenga mnofu, na mwenzake atajaza mafuta chini ya ngozi. Chakula ni kimoja, ila urithi wao kwa baba na mama si mmoja. Na urithi huo, wasomaji, umegeuzwa sana kwa mikono ya watu.

Hapo kale nguruwe wa Ulaya walikuwa warefu wa miguu na wa pua. Walichungwa mwituni, wakila matunda ya mialoni, nao walichelewa kunona. Lakini huko China watu waliwafuga karibu na nyumba kwa maelfu ya miaka, na mbegu zao zilikuwa fupi, pole, zenye kunona upesi. Katika karne ya 18 merikebu za biashara zilileta nguruwe wa China Uingereza, wakapandishwa na wale wa wenyeji. Siku zile mafuta ya nguruwe yalikuwa ya kupikia, tena yalimpa nguvu mtu wa kazi ngumu. Kwa hiyo mnyama mnene ndiye aliyesifiwa. Huko Hungaria nako, tangu miaka ya 1830, ilipatikana mbegu iitwayo Mangalica, yenye manyoya ya kujisokota kama ya kondoo. Mzoga wake, zaidi ya nusu ni mafuta.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mpaka wake, isiingize nguruwe hai kutoka Denmark. Wakulima wa Denmark hawakukaa wakilia. Mwaka ule ule walianzisha kiwanda cha ushirika katika mji wa Horsens, ili wachinje wenyewe na kupeleka bekoni Uingereza. Lakini Waingereza walitaka bekoni yenye mnofu mwingi na mafuta kidogo. Basi Wadenmark waliwapandisha nguruwe wao na Large White wa Uingereza, wakachagua watoto warefu wa mgongo. Mwaka 1907 walifungua kituo cha kwanza cha kuwapima: ndugu wa uzao mmoja walilishwa kwa kipimo, wakachinjwa, na unene wa mafuta yao ukapimwa. Hivyo mzazi alihukumiwa kwa watoto wake, wala si kwa sura yake. Kwa njia hii walistawisha Landrace, na pamoja na Large White mbegu hizo mbili zimeenea duniani, hata Kenya, Uganda na Tanzania.

Wafugaji wale walijua ya kuwa mafuta hurithiwa, lakini hawakuona kirithiwacho. Mwaka 2003 wataalamu wa Sweden na Ubelgiji walieleza sehemu moja ya siri hiyo. Maandishi ya urithi wa nguruwe yana herufi zaidi ya bilioni 2. Wao walionyesha ya kuwa herufi moja tu, ikibadilika katika jeni iitwayo IGF2, huongeza mnofu na kupunguza mafuta ya mgongo. Tena kuna ajabu: katika mnofu, nakala itokayo kwa baba ndiyo ifanyayo kazi, na ile ya mama hunyamaza. Jike aweza kuichukua herufi hiyo bila kuonekana kwa watoto wake, ikaja kuonekana kwa wajukuu wazaliwao na mwanawe wa kiume.

Lakini achaguaye jambo moja hupata na mengine asiyoyataka. Katika mbegu zenye mnofu mwingi, hasa ile ya Piétrain ya Ubelgiji, walionekana nguruwe wasiostahimili joto wala msukosuko. Walipopakiwa garini walikufa ghafula, na nyama yao ilikuwa nyeupe, yenye kutoka maji. Mwaka 1991 wataalamu wa Canada walionyesha ya kuwa kosa hilo nalo ni la herufi moja, nao waliikuta katika mbegu tano. Tangu hapo wafugaji wakaweza kupima damu na kuwaondoa wenye kasoro.

Na Mangalica je? Watu walipohamia mafuta ya mimea, hakuna aliyemtaka tena. Ilipofika mwaka 1991, majike waliobaki hawakufika 200. Aliokolewa kwa kuwa watu wa Hispania walitafuta nyama yenye mafuta ndani yake, ifaayo kukaushwa kwa miezi mingi. Kile kilichoitwa uchafu kikawa mali. Kama mbegu ile ingalikwisha, hakuna kituo wala chakula ambacho kingaliirudisha.

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Mfugaji hana budi kuchagua, lakini achague kwa macho mapana. Anunuaye dume asitazame unono wake tu: aulize watoto wake wamekuwaje, wanastahimilije jua na safari, na jike wa uzao ule hulea wangapi. Wala asiharakishe kuimaliza mbegu ya kienyeji kwa sababu soko la leo halimtaki. Soko hugeuka kwa mwaka mmoja, lakini mbegu ni kazi ya vizazi.