Wakisii katika Kambi za Chai za Kericho

Kilimo kikubwa cha chai kilipoanza Kericho katika miaka ya 1920, Wakisii wengi walivuka mpaka wa Wakipsigis kutafuta fedha za kodi. Safari ilihesabiwa kuwa ya muda. Shamba na makaburi vilibaki nyumbani. Hata familia zilipofuata, kambini walipakana na majirani wasioelewana nao kwa lugha ya mama, maana Ekegusii ni ya Kibantu, na Kikipsigis sivyo. Kiswahili basi kikawa lugha ya kupimia majani, ya dukani, na ya watoto mchezoni. Si haki kukiita lugha ya mjini tu. Hata hivyo hakikuwa ngao: Januari 2008, baada ya uchaguzi, Wakisii wengi walifukuzwa Kericho, baadhi yao na watoto waliozaliwa kambini, walioijua Nyamira kwa likizo tu.